Uzi: Saa ya jua ya kuning'iniza mkononi inapishana na simu dakika 18 asubuhi na dakika 57 alasiri. Kosa liko wapi?

#1 Mpwa wa Baharia

Wanajamvi, salaam. Mjomba wangu aliyekuwa baharia alipofariki alituachia sanduku la vitu vya safari, na kimoja kati ya vitu hivyo ndicho kinachoninyima usingizi. Ni pete mbili za shaba. Ya nje ina upana wa sentimita 9 hivi, ya ndani hufunguka mpaka ikakaa msalaba na ya nje, na katikati pana daraja jembamba lenye tundu dogo linaloteleza juu ya majina ya miezi. Ukiining'iniza kwa kamba yake na kuizungusha taratibu, mwanga wa jua hupenya kwenye tundu na kutua kama nukta upande wa ndani wa pete yenye tarakimu za Kirumi, na hapo ndipo unaposoma saa. Haina springi, haina betri, na cha ajabu zaidi haina dira.

Tarehe 12 Februari niliijaribu ufukweni Kigamboni. Kitelezi cha kamba nilikiweka kwenye alama ya 7, kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tundu nikaliweka kwenye tarehe ya siku hiyo. Simu ilipokuwa saa 3:30 asubuhi, pete ilisoma saa 3:12. Simu ilipokuwa saa 9:30 alasiri, pete ilisoma saa 8:33. Kaka yangu naye aliijaribu mwanzoni mwa Novemba, saa 3:00 asubuhi, akakuta pete imeitangulia simu kwa dakika kama 15. (Saa zote nimekwisha kuzigeuza ziwe za Kiswahili, maana pete yenyewe huandika IX pale tunaposema saa tatu.)

Maswali yangu ni mawili. Inajuaje mwelekeo bila dira? Na kama imeharibika, kwa nini haikosei kwa namna moja?

#2 Kijiti Wima

Pole kwa msiba, mkuu. Jibu langu ni fupi: chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Saa ya jua haifanyi kazi karibu na ikweta kwa sababu jua letu linakaa utosini na kivuli kinajikusanya miguuni. Kiweke sebuleni kama kumbukumbu ya mjomba.

#3 Mwalimu Chaki

Ndugu Kijiti Wima, nusu ya ulilosema ni kweli. Ile saa ya jua ya bapa tunayoiona kwenye bustani za picha, yenye bamba lililolala na pembe iliyosimama, kweli hutaabika huku kwetu. Pembe yake inapaswa kuwa sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo Dar es Salaam ingeinuka nyuzi 6.8 tu kutoka kwenye bamba, karibu kulala kabisa. Ukikokotoa mistari yake utakuta saa zote za kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri zimesongamana ndani ya nafasi ya nyuzi 14 hivi, na hakuna jicho litakalozitenganisha. Zile saa za mfukoni alizozitengeneza Michael Butterfield mjini Paris, ambazo ndege mdogo wa shaba huonyesha kwa mdomo wake kipimo cha latitudo, kwa kawaida huishia kati ya nyuzi 40 na 60. Ukiileta moja Dar es Salaam haitakusaidia.

Lakini pete ya ndugu yetu ni ya ukoo mwingine. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, na pete yake ya ndani ikifunguliwa husimama sambamba na ikweta yenyewe. Kwa hiyo nafasi kati ya saa na saa ni nyuzi 15 zilezile, uwe London, Lamu au Cape Town. Kinachobadilika ni mahali pa kuning'inizia tu.

Sasa tofauti na simu. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45, ambayo hupita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye 39.3. Jua hutumia dakika 4 kuvuka kila longitudo moja, kwa hiyo linatufikia dakika 23 baada ya simu kutangaza. Juu ya hapo pana kile kinachoitwa mlinganyo wa wakati: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wetu umeinama, hivyo jua huchelewa mpaka dakika 14 katikati ya Februari na hutangulia mpaka dakika 16 mwanzoni mwa Novemba. Jumlisha 23 na 14, unapata 37 kwa siku uliyopima. Toa 16 kwenye 23, unapata kama 7 kwa Novemba. Kosa haliko kwenye chombo, ni simu na jua ambavyo havikubaliani.

#4 Fundi wa Saa

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini hesabu yako ya 37 haifanani na 18 wala na 57. Kama jua limechelewa dakika 37, lichelewe asubuhi na alasiri. Na Novemba umesema pete ingebaki nyuma kwa dakika 7, ilhali kaka yake aliikuta mbele kwa 15.

Mimi natengeneza saa kwa miaka mingi. Chombo kinachotoa majibu mawili kwa swali moja kimepinda au kimelika mahali. Angalia tundu la kwenye daraja, pengine limepanuka. Angalia pia kama pete ya ndani inafunguka mpaka mwisho wake, kwa sababu uchafu kidogo tu kwenye bawaba unatosha kuizuia isikae msalaba kamili.

#5 Bint Falaki

Jamani, hebu chukueni 18 na 57, jumlisheni, kisha gawanyeni kwa mbili. Mnapata 37 na nusu. Mwalimu amepatia, na Fundi naye ana hoja.

Angalieni lilivyo kosa lenyewe. Asubuhi jua halisi lilikuwa saa 2:53, pete ikasema saa 3:12. Alasiri jua halisi lilikuwa saa 8:53, pete ikasema saa 8:33. Mara zote mbili pete imesogea kuelekea saa sita mchana kwa dakika 19 au 20. Hilo si kosa la bawaba. Ni kosa la kimo cha jua: chombo kinaamini jua liko karibu zaidi na kilele cha safari yake kuliko lilivyo.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la mpwa. Pete haina dira kwa kuwa inajitafutia kaskazini yenyewe. Ukishaiambia latitudo kwa kitelezi cha kamba na tarehe kwa tundu, nukta ya mwanga inaweza kuangukia mstari wa katikati ya pete ya ndani pale tu ambapo pete ya nje imelala sawasawa na mstari wa kaskazini na kusini. Ukiizungusha kidogo zaidi, nukta inaukimbia mstari. Kwa hiyo chombo kinatoa majibu mawili kwa pamoja, saa na mwelekeo, lakini kwa sharti kwamba yale mawili uliyokiambia ni ya kweli. Ukikidanganya latitudo, kitakudanganya saa, tena kwa upole, bila kukuonyesha dalili yoyote.

Babu yangu, Lamu, hakuwa na pete. Alikuwa na kijiti.

#6 Kijiti Wima

Dada, usituachie hapo. Kijiti cha babu kilikuwa kinabebeka, au ni nguzo ya msikitini?

#7 Bint Falaki

Kilikuwa kinabebeka, na ndiyo maana nikakitaja. Kilikuwa kijiti chenye urefu wa shubiri moja, na aliposafiri kwa jahazi alikitia kwenye mkoba pamoja na tasbihi. Jua likianza kupinduka alikisimamisha juu ya sakafu iliyosawazishwa na kuweka alama ya kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, alasiri huingia pale kivuli kinapofikia kile kifupi cha mchana na kuongezwa urefu wa kijiti chenyewe. Wanaofuata Hanafi huongeza mara mbili. Kwa hiyo kijiti chochote kinatosha, kirefu au kifupi, kwa sababu kinajipima kwa kivuli chake. Asiyekuwa na kijiti alitumia mwili wake, akakipima kivuli chake kwa nyayo zake mwenyewe, na vitabu vya falaki huhesabu kimo cha mtu kuwa nyayo 7, au sita na nusu.

Nimemwona kwa macho yangu akipiga goti ua wa nyuma, kidole kimegusa ncha ya kivuli, anangoja. Kijiti kilikuwa na alama nyeusi chini, mahali kilipozoea kushikwa. Hakuwahi kusema "bado dakika tano". Alisema "bado ukucha".

Waliotaka zaidi ya kijiti walikuwepo pia. Ibn al-Shatir, mwangalizi wa nyakati katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza katika miaka ya 1360 kisanduku kidogo ambacho ndani yake mlikuwa na dira na saa ya jua, na mtu aliweza kukitumia kujua nyakati na upande wa kibla. Kwa hiyo wazo la kubeba jua mfukoni halikuanzia Ulaya pekee.

#8 Nizwa Hadi Pemba

Ahsante, dada. Nyongeza kutoka Oman, ninakoishi. Huku wakulima wa falaji, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, waligawana maji kwa kivuli: nguzo imesimama, alama zimepangwa ardhini, na kivuli kikifika kwenye alama yako unafungua mfereji uingie shambani kwako. Kipimo chao huitwa athari, ambacho ni karibu nusu saa, na usiku walihesabu kwa nyota. Nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa anajua zamu ya kila shamba kwa majina ya nyota, na mjukuu wake yuko pembeni na simu. UNESCO iliingiza falaji tano za Oman katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Najua uzi ni wa saa za kubeba na nguzo haibebeki. Lakini inaonyesha kwamba watu walikubali kugawana mali, tena maji jangwani, kwa kutegemea kivuli. Asije mtu akasema kivuli ni kipimo cha kubahatisha.

#9 Msafiri wa Rhein

Habari zenu. Ninaishi Ujerumani, na saa hizi nimeziangalia kwenye makumbusho hadi walinzi wamenizoea. Naomba niseme mambo matatu.

Kwanza, pete ya mpwa ni ya aina iliyobuniwa na William Oughtred, Mwingereza wa karne ya 17, yuleyule aliyetupa alama ya × ya kuzidisha. Ina udhaifu ambao hakuna aliyeutaja. Saa sita kamili ya mchana haisomeki, kwa sababu pete ya nje hulikinga jua. Na siku za mwezi Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana, pete ya ndani hujitia kivuli yenyewe.

Pili, nawaletea saa za Nürnberg. Ni vibao viwili vya pembe ya ndovu vilivyounganishwa kwa bawaba kama kitabu kidogo, ndani mna dira, na ukivifungua kamba nyembamba hunyooka kati ya vibao na kutupa kivuli. Mafundi wake walikuwa koo kama Tucher, Reinmann na Troschel, katika karne za 16 na 17. Kilichonifanya nisimame muda mrefu ni kwamba baadhi ya vibao hivyo vina seti kadhaa za mistari: moja ya saa za kawaida, nyingine ya saa zinazohesabiwa tangu jua kuzama, walizoziita za Kiitalia, na nyingine ya saa zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza, walizoziita za Kibabiloni. Yaani kwenye kitu cha mfukoni cha Kijerumani cha miaka mia nne iliyopita mna mistari ambayo mtu wa Tanga angeisoma bila kufundishwa: saa moja ni saa moja baada ya kucha.

Warumi nao waliianza saa ya kwanza asubuhi, na adhuhuri yao ilikuwa saa ya sita. Mwaka 1755 huko Herculaneum, mji uliofunikwa na volkano mwaka 79, ilifukuliwa saa ya jua ya kuning'iniza yenye umbo la paja la nguruwe, mkia wake ndio uliotupa kivuli, na chini ya mistari yake yamechorwa majina ya miezi kwa kifupi. Iko Naples. Sisemi kwamba saa sita yetu ilitoka kwao. Nasema sisi na wao tuliangalia kitu kimoja.

Tatu, nina dhana kuhusu kosa la mpwa. Kama pete ni ya zamani, au ni nakala ya pete ya zamani, tarehe zake huenda ni za kalenda ya Juliasi, ile ya zamani iliyotangulia hii tunayoitumia. Waingereza waliiacha kalenda hiyo mwaka 1752 tu. Tundu linaweza kuwa limepishana siku 10 au 11 na jua halisi.

#10 Mwalimu Chaki

Ndugu Msafiri, dhana yako ni nzuri na nimeikalia jana usiku na kikokotoo. Siku 10 katikati ya Februari hulisogeza jua nyuzi tatu na nusu hivi. Kwa Ulaya hilo ni kosa kubwa. Kwa Dar es Salaam, kama latitudo imewekwa sawasawa, katikati ya asubuhi linaleta kosa la dakika moja tu, kwa kuwa huku jua hupanda karibu wima na tarehe haina nguvu sana juu ya kimo chake. Dakika 20 haziwezi kutoka kwenye kalenda.

Kuhusu saa za Warumi, naomba niongeze jambo, kwa sababu wasomaji wanaweza kudhani saa yao ilikuwa sawa na yetu. Wao waligawa mchana katika sehemu 12, uwe mrefu au mfupi. Roma mchana wa Desemba una saa 9 hivi na wa Juni una saa 15, kwa hiyo "saa" yao ilikuwa dakika 45 wakati wa baridi na dakika 75 wakati wa joto. Ndiyo maana lile paja lilihitaji mstari kwa kila mwezi. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa nzima, hivyo saa ya Kirumi na saa ya ukutani zingekwenda pamoja karibu mwaka mzima bila mtu kuhisi. Kwa maoni yangu hiyo inatosha kueleza kwa nini kuhesabu tangu macheo kumedumu huku.

#11 Nizwa Hadi Pemba

Sidhani kwamba inatosha, Mwalimu. Oman ina baridi na joto, mchana wake hubadilika zaidi ya wenu, na bado wazee hapa walihesabu saa tangu jua kuzama. Lazima mazoea ya swala nayo yanahusika, kwa kuwa siku mpya huanza magharibi.

#12 Kigoma Kasoro

Mnalalamikia dakika 37? Njooni Kigoma. Tuko longitudo 29.6, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya simu kwa dakika 61 hata kabla ya kuhesabu huo mlinganyo. Katikati ya Februari adhuhuri yetu ya kweli ni saa 7:16 mchana. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikipigwa na baridi njiani kwenda shule saa 12 asubuhi, giza totoro, na vitabu vinasema jua huchomoza saa 12. Nilidhani ni milima. Leo nimejua nilikuwa natembea kwa saa ya Mogadishu.

#13 Mchonga Mianzi

Naomba nilete kisa changu, kwa kuwa nimeshatengeneza saa ya namna nyingine kwa mikono yangu. Wachungaji wa milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, walibeba mche duara wa mti wenye kijiti kilicholala juu yake. Unaugeuza mfuniko mpaka kijiti kikae juu ya mwezi uliopo, unauning'iniza, unaelekeza kijiti kwenye jua hadi kivuli kianguke wima, na urefu wa kivuli ndiyo saa. Hermann wa Reichenau, mtawa wa karne ya 11 aliyekuwa na ulemavu wa viungo, alishaeleza chombo kama hicho.

Mimi nilichukua pingili ya mwanzi wa Lushoto yenye urefu wa sentimita 15, nikaizungushia karatasi, na kijiti kikawa mwiba wa mchungwa wenye sentimita moja na nusu. Mwanzoni mwa Oktoba, jua linapopita utosini mwa Tanga, hivi ndivyo kivuli kilivyoshuka kwa saa za jua: saa 1 asubuhi milimita 4, saa 2 milimita 9, saa 3 milimita 15 ambayo ni sawa na mwiba wenyewe, saa 4 milimita 26, saa 5 milimita 56. Saa 5 na nusu kilikuwa kimefika milimita 114, na dakika chache baadaye kikadondoka nje ya mwanzi, nikawa nakitazama kwenye vidole vya miguu yangu.

London jua halipiti nyuzi 62 hata mwezi Juni, kwa hiyo kivuli hakifiki mara mbili ya kijiti. Shida ya mchungaji wa kule ni kwamba karibu na adhuhuri mistari inabanana asiweze kuisoma. Shida yetu ni kinyume chake, mistari inakimbiana. Hivyo Kijiti Wima (#2) alikosea kusema haifanyi kazi. Inafanya kazi kuliko kwao, ila inahitaji mwanzi mrefu au mwiba mfupi. Kwa sasa natumia miwili, wa asubuhi na jioni, na wa mchana.

#14 Kijiti Wima

Nimekubali, nafuta neno la sebuleni. Lakini mwanzi wako unajuaje kama ni saa 3 asubuhi au saa 9 alasiri? Kivuli si kilekile?

#15 Mchonga Mianzi

Ni kilekile. Unajua kwa kuwa umekunywa chai au umekula wali. Tatizo hubaki karibu na saa sita, na dawa yake ni kungoja kidogo uone kama kivuli kinarefuka au kinafupika.

#16 Bint Falaki

Turudi kwenye pete. Ndugu mpwa, ile alama ya 7 uliyoiweka kwenye pete ya nje, ni ya kaskazini au ya kusini? Nimekokotoa: ukiiambia pete kwamba uko nyuzi 7 kaskazini ilhali uko kusini, tarehe 12 Februari itasogea kuelekea adhuhuri kwa dakika 19 asubuhi na 20 alasiri. Ndiyo makosa yako yaleyale. Na kwa kaka yako mwezi Novemba, badala ya kubaki nyuma dakika 7 ingetangulia dakika 15, kama alivyoona.

#17 Mpwa wa Baharia

Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Upande mmoja wa pete ya nje una alama kutoka 0 hadi 90. Upande wa pili hauna kitu, ni maua tu yaliyochongwa. Hakuna herufi yoyote ya kaskazini wala kusini. Je, ina maana mjomba aliinunua ikiwa haiwezi kutumika nyumbani kwake?

#18 Bint Falaki

Inaweza kutumika. Jifanye uko kaskazini, kisha geuza majira: weka tundu kwenye tarehe ambayo jua liko umbali uleule upande wa pili wa ikweta. Kwa tarehe 14 Februari weka 18 Agosti. Nukta itaangukia upande usiouzoea, kwa hiyo usisome jina la saa, hesabu umbali wake kutoka XII.

#19 Mpwa wa Baharia

Nimefanya hivyo leo, tarehe 14. Simu ikiwa saa 3:30 asubuhi, nukta ilitua mbele kidogo ya III badala ya karibu na IX, kama dada alivyosema. Nilipohesabu umbali kutoka XII nilipata saa 2:56, yaani tofauti ya dakika 34. Alasiri saa 9:30 tofauti ilikuwa dakika 41. Nashukuru mno. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na si kwa upepo.

#20 Kijiti Wima

Subirini kwanza. Ni saa tatu asubuhi na nukta iko kwenye tarakimu ya tatu? Basi pete ikigeuzwa kusini inasoma saa za Kiswahili yenyewe! Pengine mjomba aliinunua kwa sababu hiyo.

#21 Mwalimu Chaki

Ningependa iwe hivyo, lakini imetokea kwa saa hiyo tu. Saa 2 asubuhi nukta itakuwa kwenye IIII, na saa 4 asubuhi itakuwa kwenye II. Zinakutana saa tatu, kisha zinaachana kila moja na njia yake.

#22 Fundi wa Saa

Hongera dada Bint Falaki. Lakini 34 na 41 bado si 37 na 37. Zimebaki dakika tatu na nusu kila upande, tena bado zinavuta kuelekea saa sita. Nashikilia neno langu la #4: pana kitu kimelika. Inawezekana pete haining'inii wima.

#23 Mwalimu Chaki

Kwa hesabu yangu, kila nyuzi moja ya mwinamo huleta kosa la dakika moja hivi, kwa hiyo ungehitaji mwinamo wa nyuzi 4. Kwenye pete ya sentimita 9 hizo ni milimita 6 kutoka juu hadi chini, na mtu angeziona kwa macho. Mimi naona ni upana wa nukta yenyewe. Jua si nukta, lina upana wa nusu ya nyuzi moja angani, ambao peke yake ni dakika 2, na tundu lina upana wake. Mpimaji anayesoma ukingo mmoja wa nukta asubuhi na ukingo wa pili alasiri atapata tofauti kama hiyo.

#24 Msafiri wa Rhein

Au msomaji aliona kile alichotarajia. Kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545, zilipatikana saa kadhaa za jua za mfukoni kati ya vitu vya mabaharia. Sidhani kama watu wale walidai dakika tatu. Robo saa iliwatosha kujua zamu imekwisha.

#25 Bint Falaki

Robo saa iliwatosha wao. Babu yangu alihesabu ukucha.

#26 Mpwa wa Baharia

Nimeining'iniza ndani ya mlango, mbali na upepo, na pembeni nikashusha uzi wenye nati ya chuma ili nione wima. Pete imeachana na uzi kwa milimita 3 hivi, si 6, kwa hiyo Fundi na Mwalimu kila mmoja amepata nusu. Nikakichunguza kitanzi kinachoshika kamba. Ndani yake, upande mmoja tu, pana mfereji uliochimbika, laini, unaong'aa kuliko shaba nyingine yote, upana wake sawa na kamba. Kesho nitaigeuza kamba ikae upande ambao haukulika, nipime tena saa 3:30 na saa 9:30.

#27 Fundi wa Saa

Usiujaze mfereji huo kwa risasi wala kwa gundi, tafadhali. Geuza kamba tu, kisha utupe namba.